Maua ya msiba Nyanda za Juu Kusini: kuchagua, kufunga na kufikisha

Kabla ya kuuliza ununue maua gani, uliza mambo matatu: msiba ni wa dini gani na kanisa lipi, maziko ni wapi na saa ngapi, na ni nani wataitwa kuweka mashada. Muulize katibu wa kamati ya mazishi, mzee wa kanisa au shemeji anayeshughulikia ratiba. Mfiwa mwenyewe mwache alie. Majibu hayo yatakuongoza kuliko rangi yoyote. Anayeanza na rangi huishia na shada zuri lililonyauka kabla ya Tukuyu, au lililobaki kwenye buti la gari kwa sababu halikuhitajika.

Msiba wa Kiislamu usipeleke shada. Maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na shughuli ya kuweka mashada haimo. Peleka mkono wa pole na uwahi kusindikiza. Kwa msiba wa Kikristo, iwe Wamoravian, Walutheri wa KKKT, Wakatoliki au makanisa ya kipentekoste, mashada huwa yamo kwenye ratiba, lakini kila usharika una utaratibu wake. Kwa Wakatoliki, jihadhari na Kwaresima: katika kipindi hicho altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe au sikukuu. Kwa hiyo usiandae vyombo vya maua vya altareni kwa ajili ya misa ya mazishi kabla ya kumwuliza paroko. Shada la kaburini ni jambo jingine, lakini hilo nalo muulize katekista.

Jambo la pili: shada halichukui nafasi ya rambirambi. Kuanzia Mbozi hadi Kilolo, msiba unaendeshwa na unga, maharage, kuni na fedha zinazoandikwa kwenye daftari. Ukiwa na uwezo wa kitu kimoja tu, toa rambirambi. Wafanyakazi wenza wanane wakichanga shada moja na bahasha moja, wameheshimu msiba kuliko wakileta mashada manane na bahasha tupu. Isitoshe, nafasi ni ndogo. Tuta la kaburi la mtu mzima lina urefu wa mita 2 hivi na upana usiofika mita 1. Mashada ya duara yenye upana wa sentimita 45 yakipangwa safu mbili ni manane, na la tisa tayari linapanda juu ya mengine.

Umbo linategemea anayetoa. Duara linamfaa kila mtu: majirani, ofisi, kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya. Moyo na msalaba waachie familia ya karibu, yaani mjane au mgane, watoto, wazazi. Jirani akileta moyo mwekundu kwa baba wa watu ataangaliwa kwa jicho la pembeni. Pambo refu la juu ya jeneza ni la familia peke yake na liwe moja. Lisizidi theluthi mbili za urefu wa jeneza. Kwa jeneza la sentimita 190, pambo la sentimita 100 hadi 120 linatosha, na likae upande wa miguuni ili lisizibe kioo wakati wa kuaga. Lazima liondolewe kabla wabebaji hawajainua. Kwenye vilima vya Rungwe au Makete jeneza huinama, na pambo lililoloa maji huteleza na kumwangukia aliye nyuma.

Kwa rangi, nyeupe haimkosei mtu yeyote. Zambarau ni rangi ya maombolezo kanisani na inakaa vizuri na nyeupe. Nyekundu ni ya mwenzi wa ndoa na watoto. Kwa mtoto mchanga, nyeupe na waridi hafifu, na shada dogo la sentimita 25 hadi 30, kwa kuwa shada kubwa hufunika kaburi zima. Kwa mzee aliyekula chumvi nyingi, njano na chungwa hazina ubaya, kwani msiba wa mzee huku huwa na nyimbo na shukrani ndani yake. Ukisoma mtandaoni kwamba maua ya msiba lazima yawe idadi shufwa, hiyo ni desturi ya Urusi na majirani zake. Uyole ya Mbeya hakuna atakayehesabu.

Sasa, maua yenyewe. Wengi watanunua ya plastiki na hakuna aibu katika hilo. Ndiyo yanayopatikana usiku, ndiyo yanayovumilia safari. Ila yakague. Litikise shada: vichwa vilivyogandishwa kwa gundi tu vitaanguka, vilivyofungwa kwa waya vitabaki. Linyanyue: lililojengwa juu ya boksi jepesi jeupe linapeperushwa na upepo wa Agosti na Septemba hadi shamba la jirani. Loanisha kidole kwa maji na usugue utepe mwekundu. Ukichuja rangi, mvua ya Februari itaumwaga wote juu ya maua meupe. Vumbi la dukani lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Na ile nailoni inayolizungushia iondoe kabla ya kuliweka. Ndani yake joto hutengeneza jasho, maandishi yanafifia, na shada linaonekana kama bidhaa isiyofunguliwa.

Lakini anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana: baridi na mvua vinampa maua mabichi uani. Mvua za Novemba hadi Aprili ndizo msimu wake. Yafuatayo ndiyo yanayofaa.

Yungiyungi jeupe la bondeni, lile lenye umbo la faneli na kijiti cha njano katikati, linaota lenyewe kando ya vijito na mitaro. Shina lake ni nene, linanywa maji mengi na linakaa siku tano hadi saba kwenye baridi. Ndilo ua bora la msiba kwa eneo hili. Likate kwa kisu kikali, maana mkasi butu hulipasua shina na likipasuka linajikunja. Utomvu wake unawasha mdomo na ngozi, kwa hiyo nawa mikono, na watoto wasiliguse.

Waridi likatwe likiwa limefunguka kidogo tu. Njombe au Mafinga, kwenye baridi, tumba lililofunguka robo litachukua siku mbili tatu kufunguka. Ukilipeleka Kyela litafunguka lote ndani ya nusu siku. Kwa hiyo safari ya kushuka bondeni inahitaji tumba lililofunga zaidi. Waridi likiinamisha shingo, hewa imeziba shina. Kata sentimita 3 za chini huku shina likiwa ndani ya maji, kisha lilaze zima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa saa 1. Mara nyingi huinuka.

Haidranjia, yale maua yanayojikusanya kama mpira, hupendeza kuliko yote na kusumbua kuliko yote. Kwenye udongo wa chai wa Rungwe na Mufindi hutoka ya bluu kwa sababu udongo huo una tindikali. Kwingine hutoka ya waridi. Yanapoteza maji kwa kasi. Ukishakata, tumbukiza sentimita 3 za shina kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 30, halafu kwenye ndoo ya maji baridi. Kichwa kikilegea, kizamishe chote ndani ya maji kwa nusu saa. Usilitumie kwenye shada litakalokaa juani bila maji. Liweke kwenye chombo cha kanisani au nyumbani.

Gladiolasi linafaa pambo la jeneza kwa urefu wake. Likate maua mawili ya chini yakiwa yamefunguka. Krisantemamu na kanesheni, ukizipata, zinavumilia kuliko waridi na hazina makuu. Ufaransa krisantemamu ni ua la makaburini kabisa; huku lipo hata kwenye harusi, basi litumie bila wasiwasi. Dalia ni zuri lakini linasinyaa siku ya pili, hivyo likate alfajiri ya siku ya maziko. Bogenvilia haifai: vile vinavyoonekana maua ni majani ya rangi, na yanapukutika njiani.

Mengine yaache kabisa. Yale maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia kwenye ua wa nyumba, na ule mti wa maua ya waridi wenye majani membamba unaoitwa olianda, yana sumu, na msibani kuna watoto na vyakula vinavyoshikwa kwa mikono. Maua ya pareto ni meupe na yanavutia, ila ni zao la mtu, na baadhi ya watu huwashwa ngozi wakiyashika. Na usichume Kitulo. Uwanda ule unaoitwa Bustani ya Mungu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kuchuma maua humo ni kosa hata kama unakwenda nayo makaburini.

Juni na Julai ni miezi migumu. Makete, Njombe na Mufindi umande huganda usiku, na ua lililogandishwa hutoka jeusi asubuhi. Ndoo za maua zilale ndani ya nyumba, mbali na jiko. Miezi hiyo tegemea majani: mseprasi, kangaga, mpaini, na maua machache katikati. Shada la kijani lenye maua meupe saba ni zuri kuliko la maua thelathini yaliyoungua kwa baridi.

Kuyaandaa. Chuma alfajiri, kabla jua halijapanda. Kata shina kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayokuwa chini ya maji kwa sababu yakioza huziba mashina ya mengine, kisha tia kwenye ndoo safi iliyojaa nusu. Kwa kila lita 1 ya maji weka kijiko 1 cha chai cha sukari, vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu, na nusu kijiko cha chai cha klorini ya kufulia. Sukari ni chakula, ndimu husaidia maji kupanda, klorini huzuia bakteria. Sukari bila klorini ni hasara, maana bakteria ndio watakaoila. Acha maua yanywe kivulini saa 4 hadi 6, au usiku kucha. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kisha wanalaumu muuza maua.

Ukiwa na lili, yale maua mapana yenye harufu kali na chavua ya rangi ya kutu, nyofoa vile vichwa vya chavua kwa kitambaa cha karatasi mara ua linapofunguka. Chavua ikigusa shati jeupe au kitambaa cha jeneza haitoki kwa maji. Ikishadondoka, usiisugue, ing'oe kwa selotepu. Na harufu kali haifai chumba kidogo ambamo mwili umelala na watu wanakesha.

Kufunga shada la duara la sentimita 45 hakuhitaji fundi. Pasua mwanzi au fito laini yenye urefu wa sentimita 130, ukunje upate duara la kipenyo cha sentimita 35, ncha zipandane sentimita 20 na uzifunge kwa waya. Zungushia majani makavu ya mgomba hadi unene wa sentimita 6, ukikaza kwa kamba ya mgomba au sisali. Kisha chukua matawi madogo ya mseprasi 60, kila moja sentimita 12 hadi 15. Yafunge matatu matatu, upate vifungu 20. Laza kifungu cha kwanza, zungusha waya mwembamba mara mbili, cha pili kifunike mashina ya cha kwanza, na uendelee hivyo upande mmoja hadi umalize mzunguko. Waya mita 10 unatosha, usiukate njiani. Kila mahali unapokatika ndipo shada linapofunguka kaburini. Vyote vielekee upande uleule. Vikigeukiana, shada linaonekana kama kiota.

Maua yanakuja mwisho: vichwa 25, yapangwe mafungu matano ya matano badala ya kuyatawanya moja moja. Mafungu yanaonekana kwa mbali, na waombolezaji wengi wako mbali. Kila shina liache sentimita 10, lizungushie pamba au kitambaa kilicholowa, funika kwa kipande cha nailoni, halafu lichomeke na kulifunga. Ukitumia sponji ya maua, iache izame yenyewe kwenye beseni. Ukiisukuma kwa mkono, nje huloa na katikati hubaki pakavu, na maua yaliyochomwa hapo hufa siku hiyohiyo. Sponji ikishaloa ni nzito, kwa hiyo itumie kwa pambo la jeneza, si kwa shada la kubebwa na mtoto. Mwisho, funga kigingi cha mti cha sentimita 40 nyuma ya shada, kitakachochomekwa kwenye tuta lisipeperuke.

Safari ndiyo inayoua maua mengi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko karibu mita 500. Shada linaloondoka Mbeya saa tatu asubuhi likiwa fresh linafika kwenye joto ambalo halikulizoea. Vivyo hivyo anayeshuka Chimala na Igawa kwenda Usangu. Kwa njia hizo chagua plastiki, au yungiyungi la bondeni, au majani yenye kanesheni, na uweke maua baada ya kufika: beba duara la mseprasi likiwa tayari na ndoo ya maua pembeni, ufungie hukohuko kwa dakika 20. Ndani ya gari, ndoo ikae sakafuni, nyuma ya kiti, nje ya jua la dirishani. Usiyaweke juu ya kapu la ndizi au parachichi. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua. Kanesheni hulala na waridi hupukutika, na kwenye barabara ya Tukuyu gari lisilo na mkungu ni nadra. Kwenye bodaboda upepo hukausha petali hata kukiwa na baridi, basi funika shada kwa khanga yenye unyevu.

Utepe uwe wa satini, upana sentimita 5 hadi 7, urefu kama mita 1.2. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, herufi za sentimita 3, na uuache ukauke dakika 10 kabla ya kuukunja. Kalamu ya kawaida ya rangi huyeyuka kwa manyunyu ya kwanza. Weka maneno machache: kwanza ujumbe, kisha aliyetoa. "Pumzika kwa amani Mama. Wanao na wajukuu." "Amelala katika Bwana. Kwaya ya Vijana." "Raha ya milele umpe ee Bwana" ni sala ya Wakatoliki, kwenye msiba wa Kimoravian au wa kipentekoste itaonekana imepotea njia. "Tulikupenda" ni neno la familia, wala si la idara ya manunuzi. Jina la marehemu lihakiki kwenye ratiba iliyochapishwa, si kwa kusikia kwenye simu.

Ukifika, mpe mshereheshaji jina la kikundi chenu kabla ya ibada kuanza na mteue mtu mmoja au wawili wa kuweka. Mashada huitwa baada ya kaburi kufunikwa, na mpangilio unatofautiana: kwingine familia hutangulia, kwingine viongozi wa kanisa au serikali. Ukiitwa, pokea shada kwa mikono miwili, maandishi yakitazama watu, ukalilaze au ulichomeke kuanzia upande wa miguuni kama upande wa msalaba bado unasubiri familia. Usilitegemeze kwenye msalaba; udongo bado ni laini na msalaba utainama. Pale kaburi linapofunikwa kwa zege siku hiyohiyo, omba yatandazwe matawi ya mseprasi kwanza. Saruji mbichi huunguza maua na kuacha doa jeupe kwenye utepe.

Kwenye makaburi yaliyo karibu na nyumba, mbuzi watakula shada bichi kabla ya giza. Familia nyingi huzungushia matawi ya miiba kwa siku chache za kwanza. Shada la plastiki mbuzi hulitafuna pia, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu nailoni na utepe hukwama tumboni mwa mnyama. Mabichi yakishakauka, baada ya wiki mbili hivi, yaondolewe. Kata waya kwa koleo, majani yarudi shambani, waya na nailoni vipelekwe jalalani. Ya plastiki hupauka juani, nyekundu ikawa waridi na zambarau ikawa kijivu, hivyo familia hupanga kuyaondoa siku ya arobaini au kaburi linapojengewa. Anayetaka kuacha kitu kinachoishi apande agapantasi, yale maua ya bluu yenye shina refu, miche minne tu kando ya kaburi, mwanzoni mwa mvua za Desemba. Mizizi yake haipasui zege.